Usimwachie fundi laptop yako kwa bei ya spea

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jibu mlilompa msomaji mmoja limenikera. Aliuliza laptop yake inayokataa Windows 11 aifanyeje, mkamwambia ajipange anunue mpya. Sasa jamani ajipange na nini? Hizi Dell Latitude na HP EliteBook used tulizonunua Kariakoo nyingi ni Intel za generation ya 5 au ya 6, na Windows 11 kwa Intel inataka karibu zote kuanzia ya 8, halafu na hicho kidude cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 juu yake, kwa hiyo tangu Microsoft waache kuihudumia kama kawaida Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 tuliokwama ni wengi. Na mafundi wameshalijua hilo, ukiipeleka tu unaambiwa hii haina maisha mzee, niachie nitoe spea.

Usimwachie. Igeuze iwe seva ya nyumbani. Watu wakisikia seva wanawaza chumba chenye AC na mataa yanayowakawaka, kumbe ni kompyuta yoyote inayokaa imewaka muda wote ikisubiri wenzake waiombe kitu. Ya kwangu iko juu ya kabati la vyombo, kioo kilipasuka zamani, kwa hiyo siku ya kuipiga Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, niliichomeka kwenye TV kwa HDMI, nikachoma Debian, aina mojawapo ya Linux, kwenye flashi, nikaipiga bila desktopu, yaani maandishi tu, nikavuta kebo mpaka kwenye rauta, basi. Toka hapo kibodi yake siishiki, naingia kwa SSH, njia ya kuiamrisha kompyuta ukiwa mbali, kutoka kwenye simu nikiwa nimejilalia zangu. Kinachowasumbua wengi ni mfuniko, ukiufunga tu laptop inalala na seva inalala nayo, na dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf, unaandika HandleLidSwitch=ignore halafu unaizima na kuiwasha. Nimeuweka hapa makusudi, mwenye mkasi akate.

Faida yake? Bando, Mhariri. Watu wengi hawajui kwamba simu ikichukua faili kwenye seva kwa WiFi ya ndani bando haliguswi kabisa, hata kama limeisha juzi, rauta ikiwa inawaka inatosha. Kwangu watoto walikuwa kila mmoja anajishushia PDF yake ya kitabu kilekile cha TET, na mama yao ni mwalimu naye anashusha cha kwake, siku hizi kinashushwa mara moja kinaingia kwenye folda ya Samba, programu inayofanya folda moja ifunguliwe na vifaa vyote vya nyumbani, past papers za NECTA nazo zimo humohumo kwa mwaka na somo. Halafu kuna Kiwix, hii naipenda kuliko zote, inakupa Wikipedia nzima bila intaneti, ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi GB 100 kwa hiyo itafute diski ya pembeni, ila ya Kiswahili ni ndogo inaingia hata kwenye flashi ya kawaida, mtoto anafungua brauza ya simu anasoma. Picha za simu nazo tunamwagia huko, maana simu ikichomolewa kwenye daladala inaondoka na kila kitu. Ila nakala nyingine uiweke pembeni, hizi HDD za zamani huwa haziagi.

Umeme sasa, najua mtauliza. Laptop kioo kikiwa kimezimwa na haina kazi nzito inakula kama wati 10 hadi 15, tuseme 15, kwa mwezi mzima ni uniti kama 11 hivi za LUKU. Wale wenzangu tunaohesabu tusivuke uniti 75 za mwezi tukatoka kwenye bei nafuu, hilo tulipigie hesabu kabisa. Utamu ni kwamba umeme ukikatika betri inaishikilia, hata ile iliyochoka inayokaa dakika kumi inakupa nafasi ya kuizima vizuri faili zisiharibike. Isipokuwa rauta itakuwa imezima tayari, ukitaka mambo yaendelee inunulie kale ka-UPS kadogo ka volti 12. Na hiyo betri iangalie, laptop inayokaa kwenye chaji mwaka mzima betri yake inaweza kuvimba, ukiona tachipadi imenyanyuka au mfuniko haufungi sawasawa itoe siku hiyohiyo, hiyo sio ya kuahirisha mpaka wikendi.

Mtu akikwambia utaifungua seva yako kutoka kazini kirahisi usikubali haraka. Kwenye intaneti ya laini za simu huwa wateja wengi tunagawiwa IP moja ya nje, yaani anwani moja ya mtandaoni, kwa hiyo kutoka nje hauonekani, mpaka utumie kitu kama Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri. Na mimi naona afadhali hivyo, maana mlango wa SSH ukiuacha wazi mtandaoni maroboti yanaanza kujaribisha pasiwedi usiku na mchana.

Sio kila mashine lakini. Zile za bit 32 ziacheni, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena installer yake. Ya bit 64 yenye RAM ya GB 2 kwa mafaili inatosha, ukitaka na sinema tafuta 4.

Ombi langu ni hili, maelekezo ya haya mambo karibu yote yako kwa Kiingereza, na nyie ukurasa wa teknolojia kila wiki mnatupa simu mpya ya laki nane. Tupeni nusu ukurasa wa hatua kwa hatua kwa Kiswahili. Na mwandishi wenu apite kwenye mashule aulize laptop zilizolala stoo, kuna sekondari naijua ina rundo zima, limefunikwa turubai, na wanafunzi wa fizikia wanagombania kitabu kimoja.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam