Meli ya mdogo wangu iligeuza njia kwa ajili ya vita, hasara tukaila sisi

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kwa wakubwa, na wengine wote habari za kazi. Mimi nauza mchele hapa Soko la Mwanjelwa, Mbeya, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku. Nimeamua kuandika sababu ya karatasi niliyoiona imebandikwa kwenye nguzo pale Kabwe, wanatafuta vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye meli za kitalii, nafasi chache, namba ya simu chini, na kila nikipita namkuta kijana amesimama anaipiga picha. Sisemi wasiende, waende tu, kazi ni kazi. Ila naomba wasomewe mkataba kwa Kiswahili kabla hawajasaini, hasa pale panaposema meli ikibadilisha njia kwa ajili ya vita hasara ni ya nani, maana kwetu hakuna aliyesoma na tuliyaona.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipata meli mwaka 2023 mwezi wa kumi. Alishasoma zile kozi za usalama pale Chuo cha Bahari Dar, za kuzima moto na kujiokoa majini, yeye mtoto wa Tukuyu ambaye maji mengi aliyoyajua ni mvua. Wakala aliyemtafutia nafasi (simtaji, na ofisi yenyewe siku hizi haipo pale ilipokua) alichukua milioni tatu na laki mbili, akasema ni ya usajili na kumshughulikia. Tukauza ng'ombe wawili wa mama, nyingine nikakopa kwenye kikoba. Mkataba wa miezi minane, kuhudumia vyumba, kutandika, kusafisha, kubadilisha mataulo, mshahara sio mkubwa lakini alituambia hela yenyewe hasa ni bakshishi za abiria.

Sasa mwezi wa nne 2024 meli ilikua itoke Afrika Kusini ipande na pwani yetu ya mashariki mpaka Mfereji wa Suez, iingie Ulaya kwa ajili ya msimu wao wa joto, na kwenye ratiba kulikua na Zanzibar, siku moja. Alipomwambia mama hivo kwenye simu, mama hakulala. Mama yangu ana miaka 67, Dar ameshafika mara mbili tu na Zanzibar hajawahi. Akasema nitaenda nimuone mwanangu hata kama ni masaa matatu getini. Akakata tiketi ya basi mwenyewe, akanunua mchele wa Kyela kilo tano kana kwamba huko melini hawapiki, na akachuma parachichi zile ngumu kabisa ili zije ziive njiani, akazifunga moja moja kwenye karatasi za gazeti akazipanga kwenye kikapu zisigongane. Nilikaa nae siku hiyo nikimsaidia kufunga. Kila parachichi alikua anaibonyeza na kidole gumba kwanza.

Zikiwa zimebaki siku kama nane mdogo wangu akapiga usiku wa manane. Meli haipiti tena Bahari Nyekundu. Safari ya abiria imefutwa, meli itazunguka magharibi mwa Afrika ikiwa tupu.

Alinieleza jinsi alivyojua na mpaka leo sijasahau. Jioni ile msimamizi wao aliwapa kila mmoja bunda la bahasha wapitishe chini ya milango ya vyumba wanavyohudumia, yeye alikua na vyumba 18. Akazipitisha zote bila kujua ndani kuna nini. Asubuhi akakuta abiria kwenye korido wanaulizana, mama mmoja mtu mzima analia alikua akaone Misri na mumewe, ndio akaisoma barua kwenye chumba kimoja wakati anatandika. Abiria wameambiwa wachague, warudishiwe hela au wahamishiwe safari nyingine. Wafanyakazi waliitwa mchana kwenye ukumbi wao wa kula, dakika kumi, wakaambiwa kwakua hakuna abiria, baadhi yao watarudishwa makwao kutokea Cape Town na wengine watabaki na meli. Bahasha ya wafanyakazi haikuwepo.

Hapo nataka nieleweke vizuri. Simlaumu nahodha wala wenye meli kwa kutopita kule. Yani wangepita ningelalamika zaidi. Watu wengi huku kwetu wanadhani habari ya Wahouthi ni ya Waarabu na Waisraeli, haituhusu sisi watu wa milimani, lakini toka vita ya Gaza ianze Oktoba 2023 wale jamaa wa Yemen wakaanza kuzishambulia meli, Novemba 19 wakaiteka ile Galaxy Leader kwa helikopta na mabaharia 25 wakashikiliwa zaidi ya mwaka mmoja mpaka Januari 2025 ndio wakaachiwa. Machi 6, 2024, wiki chache tu kabla ya hiyo safari ya mdogo wangu, meli ya mizigo True Confidence ilipigwa kombora wakafa mabaharia watatu, Wafilipino wawili na Mvietinamu mmoja. Watu wa kazi kama yeye, wametoka kwao kutafuta. Pale Bab el-Mandeb, mlango mwembamba wa kuingilia Bahari Nyekundu, upana wenyewe ni kilometa 30 hivi, jina lake kwa Kiarabu ni Lango la Machozi, huwezi kusema utajificha. Na haikuishia hapo, Julai 2025 meli mbili, Magic Seas na Eternity C, zilizamishwa ndani ya wiki moja.

Ndio maana makampuni mengi ya meli za kitalii yaliacha ile njia, mengine yakazungusha safari zao za dunia nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, mengine yakafuta na kupeleka meli bila abiria. Bandari za Israeli, Haifa na Ashdodi, zilikua zimeshaondolewa kwenye ratiba toka mwanzo wa vita. Mdogo wangu alikua anafanya kazi na kijana wa Ukraine, huyo alimwambia kwao ilianza hivohivo Februari 2022, Odesa ikafutwa na meli za Baltiki zikaacha kwenda St. Petersburg kule Urusi. Na wazee watakumbuka Suez yenyewe iliwahi kufungwa kabisa kuanzia vita ya 1967 mpaka 1975. Kwahiyo kubadilika njia kwa ajili ya vita sio jambo la ajabu wala la bahati mbaya ya mara moja, linajulikana, na kwakua linajulikana limeandikwa kwenye mikataba. Shida ni kwamba limeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili.

Mdogo wangu alikua kwenye lile kundi la kurudishwa. Ndege walimlipia, hilo nawashukuru. Miezi minane ikawa sita. Siku zake za mwisho melini hakukua na abiria kwahiyo hakukua na bakshishi, mshahara mtupu, na deni la kikoba lilikua bado laki tisa. Nikaenda kwa wakala. Akanijibu dada yangu hiyo ni vita, vita ni mambo ya Mungu, mimi kazi yangu iliisha siku alipopanda meli. Nikamuuliza na ile milioni tatu na laki mbili? Akasema ada hairudishwi, akanionyesha sahihi ya mdogo wangu.

Nikarudi na ule mkataba mpaka kwa mwalimu mmoja jirani yetu hapa Uyole anayefundisha Kiingereza sekondari, akakaa nao jioni mbili akinitafsiria. Huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo ningeyajua mapema ng'ombe wa mama wangekua zizini mpaka leo. Kwanza, kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, mwalimu alinitafutia kwenye simu, na unasema baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi, anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia, na pasipoti au hati ya kusafiria, basi. Wahudumu wa vyumba nao wanahesabika ni mabaharia, sio wapiga makasia tu. Pili, gharama ya kumrudisha nyumbani ni ya mwenye meli, na mwongozo wake unataka meli ikielekea eneo la vita na baharia hataki kwenda arudishwe kwao. Tatu, kwa meli zenye makubaliano na vyama vya mabaharia wa kimataifa, anayekubali kupita eneo lililotangazwa la vita analipwa zaidi na anayekataa hafukuzwi. Sasa kijana atakataaje kama hajui kwamba kukataa kupo? Angeambiwa pita angepita, anamuogopa msimamizi kuliko kombora.

Na kuna kifungu kwenye mkataba wake kinasema mwajiri anaweza kuufupisha kama meli imeondolewa kazini, kwa notisi ndogo, malipo mpaka siku ya mwisho ya kazi. Mistari minne. Mwalimu aliniwekea kidole pale nikaiangalia, siwezi kuisoma yote lakini niliiangalia muda mrefu, nikawaza hii mistari minne ndio imemla Sarafina na ndama wake, huyo Sarafina ni ng'ombe.

Abiria nao sisemi hawakuumia. Mwalimu alinieleza kwamba hata tiketi zao zina kifungu, meli ikiruka bandari moja tu mara nyingi wanarudishiwa kodi ya ile bandari na sio zaidi, na bima nyingi za safari hazigusi vita. Lakini safari nzima ikifutwa wana barua, wana machaguo, wana namba ya kupiga. Mama yangu aliyekua anakuja kupokea meli hakua na namba ya kupiga. Tiketi ya basi hawakumrudishia.

Nimalizie hapo kwa parachichi, maana najua kuna wasomaji wa Rungwe na Njombe watasema haya ya meli za watalii ni ya wachache. Waulize wanaopeleka parachichi Ulaya kwa makontena ya ubaridi. Njia ikiwa ndefu tunda linazeeka baharini, na likifika laini bei inashuka hukuhuku shambani. Ni bahari ileile na vita ileile.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni mbili. Ninyi mna waandishi, muandike hivyo vifungu kwa Kiswahili cha kawaida, kimoja kimoja, hata nusu ukurasa, watu wakate wabandike ukutani. Na TASAC ambao ndio wanasimamia mabaharia huku Bara, tunawaomba waje na huku juu Mbeya, Iringa, Njombe, wakae hata siku mbili wakutane na vijana, watuambie wakala gani wanatambulika, maana vijana wa huku ndio wageni kabisa wa mambo ya bahari na ndio hao wanaofuatwa na karatasi za kwenye nguzo.

Mdogo wangu ameshapata meli nyingine, safari hii hakulipa mtu, yuko upande wa Karibea. Mama zile parachichi alizipanga dirishani kwake Tukuyu baada ya kusikia meli haiji, zikaiva zote ndani ya wiki, akawagawia watoto wa jirani. Yeye hakula hata moja.

Yule kijana niliyemkuta Kabwe anapiga picha karatasi ni mtoto wa mwenzangu wa sokoni, anauza nyanya meza ya tatu toka kwangu. Ameshapewa mkataba wake. Nimemwambia asisaini, aulete Jumamosi dukani jioni tukifunga, na mwalimu amekubali kuja.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza mchele, Mwanjelwa, Mbeya