Programu za kupima vinundu vya mapafu zijaribiwe kwanza

Mhariri,

Kinundu cha mapafu, yaani kivimbe kidogo ndani ya pafu, kikikua kipenyo kutoka milimita 8 hadi 10, jicho huona tofauti ndogo, kumbe ujazo wake umekaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana utafiti wa NELSON wa Uholanzi na Ubelgiji, wa kuchunguza saratani ya mapafu mapema, uliochapishwa mwaka 2020, ulitegemea ujazo uliokokotolewa na kompyuta. Hata hivyo, programu ya namna hiyo ijaribiwe kwanza kwa mapafu bandia yenye vinundu vya ukubwa unaojulikana, na kwa unene wa vipande vya picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande) unaotumika hospitalini, kwani iliyofuzu kwa milimita 1 huweza kukosea kwa milimita 5. Wauzaji hupenda kuonyesha vinundu vya mviringo vilivyojitenga. Kilichogusana na mshipa wa damu ndicho mtihani wenyewe.

Wako,
Msomaji, Mombasa