Jiji la Nairobi litenge pesa za kununua picha

Mhariri,

Kazi yangu ni kutengeneza fremu za picha. Picha nzuri za wasanii wa jiji hili hukaa kwenye meza yangu siku mbili tatu, kisha mwenyewe huja kuzichukua na kunieleza zinakokwenda: sebule ya tajiri wa Runda, afisi ya ubalozi, au ng'ambo kwa ndege. Hakuna mteja aliyewahi kuniambia kwamba picha yake imenunuliwa na jiji. Jambo hili linaniuma.

Wengi wetu huambiana "tukutane Archives", yaani kwenye jumba la Nyaraka za Taifa, tukasimama nje pale Moi Avenue mkabala na sanamu ya Tom Mboya, tusiingie. Ndani ya jumba hilo, lililokuwa benki zamani, mna vinyago, vitambaa na mapambo aliyokusanya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa mwaka wa 1966. Mzee huyo alinunua kazi za Waafrika kwa pesa zake wakati wengi hawakuziona kuwa na thamani, na mwaka wa 1972 akaanzisha African Heritage pamoja na Alan Donovan. Miaka ya sabini serikali ilinunua sehemu kubwa ya mkusanyo wake. Vitu vyake vingine viko Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 penye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway.

Namheshimu mno. Lakini Murumbi alifariki mwaka wa 1990, na kijana anayechora picha mtaani Kayole leo hakuwa amezaliwa. Nani anainunulia Nairobi kazi za kijana huyo? Tukipewa kazi za sanaa kama zawadi tupokee, ila zawadi huleta kile alichopenda mtoaji. Nafurahi pia kwamba mchoraji Michael Armitage alianzisha jumba la sanaa la NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), ambalo mwaka wa 2022 lilionyesha kazi za Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi. Hiyo ni juhudi ya watu binafsi. Kaunti, inayoliendesha jiji, nayo ina wajibu wake.

Naomba Kaunti ya Nairobi itenge fungu kila mwaka, hata liwe dogo, na iteue watu wanaoijua kazi, wasanii wakiwemo, wazunguke studio za mitaani na kununua. Picha ya msanii chipukizi kaunti inaimudu sasa. Akishapata wanunuzi Ulaya, hatutaiweza tena.

Kila kitu kiandikwe daftarini: kimetoka kwa nani, lini, kwa bei gani. Mimi nikipokea picha ya zamani huigeuza kwanza. Nyuma ndiko kwenye mwandiko wa mchoraji, tarehe, kibandiko cha maonyesho. Nimeona mbao za mgongoni zenye maandishi hayo zikitupwa kwa sababu fremu mpya inapendeza zaidi, na kuanzia hapo hakuna awezaye kusema picha ilitoka wapi. Fungu hilo lilipie pia stoo kavu yenye hewa na mtu wa kuitunza, kwani turubai hushika kuvu msimu wa mvua, na mchoro wa karatasi uliowekewa kadibodi ya bei rahisi mgongoni hugeuka kahawia.

Kila mwaka kaunti huitisha maoni ya umma kuhusu bajeti. Nawasihi wasanii, walimu wa sanaa na mafundi wenzangu tufike kwenye vikao hivyo, tulitaje fungu hili waziwazi na tudai liandikwe.

Fundi wa fremu,
Ngara, Nairobi