Waksi iulizwe baada ya mwezi, si baada ya dakika tano

Mhariri,

Yeyote aendeshaye gari Mombasa amekwisha kusimamishwa na kijana mwenye chupa ya waksi, nta ya kung'arisha rangi ya gari, na kitambaa. Boneti kuukuu nyekundu, iliyopauka, imelazwa juu ya meza. Kijana apaka nusu yake, asugua, na nusu ile yawaka kama rangi ya jana. Amwagia maji, matone yasimama kama juu ya jani la jimbi. Watu wakishajaa, amwaga kitu na kuwasha moto juu yake, auzima, apangusa: rangi haijaguswa. Chupa zaanza kutoka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa waksi methali hiyo haitoshi, maana vinavyotembezwa si vibaya vyote, na yanayoonyeshwa hutokea kweli mbele ya macho. Sisi tunaofanya kazi ya rangi za magari tunalalamikia jambo jingine: mengi ya hayo hayatokani na waksi, na yale yanayotokana nayo hayajibu swali la gari linalolala nje katika mji wa jua na chumvi.

Ile boneti nyekundu haikuchaguliwa bure. Magari ya zamani na pikapu nyingi za kazi zimepigwa rangi isiyo na klia, yaani tabaka angavu la kinga, juu yake. Jua likiipiga miaka, ngozi ya juu hufa ikawa kama chokaa, na kwenye nyekundu mpauko huonekana zaidi kuliko kwenye nyeupe. Chupa nyingi za maonyesho hazina nta peke yake. Zina unga laini wa kusugulia, ndugu yake msasa, pamoja na mafuta ya silikoni. Unga huondoa ngozi iliyokufa, mafuta hujaza mikwaruzo midogo, na rangi hai iliyokuwa chini hutokea. Tazama kitambaa cha muuzaji: kikiwa chekundu, hiyo ni rangi ya gari imo mkononi mwake. Kompaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi, ya kawaida ya dukani, ikipata mkono usiochoka, italeta mng'ao ule ule.

Gari la kisasa lina klia juu ya rangi, na kwa kawaida unene wake ni mikroni 40 hadi 50, ilhali unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Klia ndiyo inayobeba kinga ya jua. Kila ukisugua kwa unga unaipunguza, na hairudi ila kwa kupigwa upya. Mwenye kusugua kila mwezi kwa chupa aliyoambiwa haina madhara anakula akiba yake mwenyewe. Ikishaanza kubanduka mabaka meupe juu ya paa, hakuna waksi inayoirudisha; hapo ni msasa na bunduki ya rangi. Na kuhusu mikwaruzo, pitisha ukucha juu yake. Ukinasa, mkwaruzo ule ni wa kina. Waksi itauficha mpaka gari lioshwe mara mbili tatu, kisha utauona tena pale pale.

Moto nao ni mchezo wa sayansi. Kinachoungua ni mvuke wa spiriti juu ya majimaji yake. Majimaji yenyewe, maadamu hayajakauka, hayapandi joto kupita kiwango cha kuchemka kwake, ambacho kwa ethanoli ni nyuzi 78. Bati lililo chini hulisambaza joto, na moto huzimwa kabla ya spiriti kwisha. Boneti isiyopakwa kitu ingetoka salama vile vile. Nta ni chakula cha mshumaa, itazuiaje moto? Tafadhali asijaribu mtu nyumbani.

Matone ni habari nyingine, kwa sababu hapo waksi inafanya kazi yake hasa. Nta haipatani na maji, basi maji hujikunja yakawa duara. Lakini tone kusimama siku ya kwanza halithibitishi kinga, kwani hata mafuta ya silikoni yasiyomaliza wiki hulisimamisha. Kisha kuna jambo ambalo muuzaji halitaji. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi na chokaa, na magari mengi huoshwa kwa maji hayo hayo. Kwenye rangi isiyo na waksi maji hutandaa na kuacha ukungu mwembamba. Kwenye rangi yenye waksi kila tone hukaa peke yake, jua hulikausha, na chumvi yake yote hubaki mahali pamoja kama pete. Pete hizo zikiokwa siku kadhaa huila klia. Yaani sifa inayoiuza waksi ndiyo inayoleta madoa kwa mtu anayeosha gari saa sita na kuliacha likauke lenyewe. Osha kivulini, suuza kwa maji matamu ukiyapata, kisha kausha kwa taulo ya maikrofaiba, paa kwanza, ubavu mwisho. Doa bichi hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikaachwa dakika moja na kusuuzwa vizuri. Doa lililokwisha kuchimba halitoki ila kwa kusugua.

Kuhusu kudumu, maneno ya "mwaka mzima" yasikilizwe kwa uangalifu. Kanauba, nta ya asili inayosifiwa kuliko zote, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi uotao kaskazini mashariki mwa Brazili, na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Boneti nyeusi iliyoegeshwa juani mchana Mombasa hupita nyuzi 60 bila taabu. Mchanganyiko wenye kanauba kidogo na nta laini nyingi hulegea hapo, ukanasa vumbi. Kwa gari lisilo na banda tunahesabu wiki 4 hadi 8 kwa kanauba nzuri, na miezi kadhaa kwa kinga za kutengenezwa maabara. Hesabu zote mbili huvunjika mwoshaji akitumia sabuni ya unga, kwa sababu ile imetengenezwa kuondoa mafuta na haichagui. Mnunuzi hulipa chupa ghali Jumamosi, Jumamosi ya pili akailipia kuondolewa.

Siku hizi kuna chupa za kinga iitwayo "seramiki" zenye maandishi 9H, na muuzaji huapa kwamba gari halitakwaruzika. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli: rangi hukwaruzwa kwa penseli za ugumu mbalimbali, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote katika kipimo hicho. Maana yake ni kwamba penseli haikuweza kuikwaruza. Chembe ya mchanga wa barabarani ni ngumu kuliko penseli yoyote, na kitambaa chenye mchanga kitaichora seramiki kama kinavyoichora klia.

Mwenye kutaka ukweli wa chupa yoyote ajipimie. Osha boneti, ikaushe, kisha ipanguse yote kwa isopropili alkoholi, aina ya spiriti, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, ili mafuta ya zamani yatoke. Bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi uigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza liache. La pili lisugue kwa kompaundi laini peke yake, kisha lipanguse tena kwa alkoholi. La tatu tumia chupa ya muuzaji, boneti ikiwa baridi kwa kiganja, kiasi cha sarafu ya shilingi kumi kwenye sponji. Paka nyembamba, waksi nene haikingi zaidi, inakuwa ngumu kupangusa na huacha michirizi. Ngoja mpaka ukipitisha kidole pabaki safi, ndipo upanguse. Siku hiyo fungu la pili na la tatu huenda yakafanana mng'ao, na hapo umejua mng'ao umetoka wapi. Kisha osha kama kawaida yako, maji yale yale, sabuni ile ile. Baada ya wiki nne mwagia maji kwa mpira usio na kichwa cha kunyunyizia. Kama fungu la tatu linatandaza maji sawa na la kwanza, waksi imekwisha kwenda zake.

La kuhuzunisha zaidi ni fedha inayomwagwa juu ya boneti huku gari likiliwa chini. Kutu ya Mombasa haianzii kwenye paa linalong'aa. Huanzia kwenye maungo ya bati chini ya sakafu, ndani ya matao ya magurudumu, na chini ya milango ambako vitundu vya kutolea maji vimezibwa na tope. Gari linalovuka kwa feri ya Likoni hukanyaga kila siku magati yaliyolowa maji ya bahari. Wiki isipite bila kulipiga maji matamu chini, na vitundu vya milango vizibuliwe kwa kijiti cha plastiki, si waya, maana waya hukwaruza rangi ya ndani. Hakuna waksi ya boneti inayofika huko.

Hata hivyo hatusemi watu waache waksi. Kinyesi cha kunguru, ambao mji huu umewajaa, kina asidi, na juani hukauka kikaivuta klia iliyolainika kwa joto. Waksi nzuri hukununulia saa kadhaa za kukiwahi. Weka kitambaa kilicholowa juu yake dakika tano, kisha kiinue bila kusugua.

Ombi letu kwa wauzaji ni dogo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa. Basi chupa iandikwe kwa Kiswahili kama ina unga wa kusugulia au haina, na kama inafaa rangi yenye klia. Na boneti ya maonyesho ibakie na utepe wake, ioshwe kwa sabuni ya unga na maji ya kisima mbele ya watu, mara nne, kabla ya bei kutajwa.

Wenu,
Mafundi wa rangi za magari,
Mombasa