Nguzo zilizooza: barua kwa Mwanaidi kuhusu riwaya ya Uskoti

Tanga, 9 Machi

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo mpenzi, na watoto hawajambo? Huku sote wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako imefika pamoja na sura sita za mswada wa riwaya yako, nayo ya mapenzi ya Uskoti. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini wenzetu wameifunga ile riwaya ya mapenzi ya Uskoti kwa hasira, wengine kabla ya kufika nusu, na wewe ufanye nini ili yako isije ikapokelewa hivyo. Nayajibu pamoja, maana ukilielewa la kwanza, la pili limeshapata nusu ya jibu.

Wako wanaosema tatizo ni makosa ya jiografia. Makosa yamo, tena mengi, lakini si kila kosa humvunja msomaji moyo. Mwandishi kasema vilima vimejaa maua ya zambarau ya heather mwezi wa Mei, na heather huchanua Agosti. Hilo ni pambo tu. Anayejua ataguna, kisha atafungua ukurasa unaofuata. Kosa linaloua ni lile lililofanywa nguzo: ukiling'oa, sababu ya wapendanao kukutana, au kugombana, au kutengana, inaanguka nalo. Riwaya ile imesimama juu ya nguzo tano sita za namna hiyo, na zote zimeoza.

Anza na pale wanapokutana. Binti katoka London, anapanda kilima, mwanamume mwenye mbwa anamtokea na kumfokea kwamba amevamia ardhi yake, aondoke mara moja. Ugomvi huo unabeba theluthi nzima ya kitabu. Sasa, Uskoti ina sheria ya ardhi ya 2003, ambayo sehemu yake ya haki ya kupita ilianza kutumika 2005. Inamruhusu kila mtu kupita kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi karibu kila mahali, hata kupiga hema, mradi afanye kwa ustaarabu. Haimruhusu kuingia uani kwa watu wala kukanyaga mazao yaliyopandwa, na haihusu magari. Lakini kilima kitupu hakina wa kumfukuza mpita njia. Msomaji anayelijua hili anamwona mwanamume yule kuwa ama hajui sheria ya kwao ama ni mwonevu, na mwandishi hakukusudia lolote kati ya hayo. Ukishamwona hivyo ukurasa wa 9, kumpenda ukurasa wa 200 ni kazi ngumu.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli ungempa mwandishi ugomvi mzuri zaidi. Mpe yule binti mbwa asiyefungwa kamba, mwisho wa Aprili, kwenye malisho yenye kondoo wanaozaa. Kondoo wa milimani hupandwa na madume mwishoni mwa Novemba, hubeba mimba kwa siku 147 hivi, basi huzaa kuanzia katikati ya Aprili. Mbwa akiwatawanya, aliye na mimba anaweza kuiharibu, na aliyekwisha kuzaa hutengana na mwanawe. Mwanakondoo wa siku moja asiyenyonya, katika mvua na baridi ile, hachukui muda kufa. Hapo mwanamume akifoka ana haki. Binti naye hakujua, si mbaya. Msomaji anawaelewa wote wawili, na hicho ndicho anachokitafuta katika ugomvi wa mwanzo wa riwaya ya mapenzi.

Nguzo ya pili ni kule kunaswa kisiwani. Wamekwama Skye siku tatu kwa sababu feri hazisafiri, na ndani ya siku hizo tatu chuki inageuka mahaba. Skye ina daraja tangu 1995! Feri ya kutoka bandari ya Mallaig, ng'ambo ya pili, ipo bado, lakini mtu akiikosa anazunguka kwa barabara. Kama alitaka kisiwa kinachomfungia mtu kweli, angewapeleka Eigg. Feri huenda kutoka Mallaig, haiendi kila siku, na bahari ikichafuka haiendi kabisa. Tena Eigg ina jambo ambalo mwandishi wa mapenzi angepaswa kulirukia: wakazi wenyewe walikinunua kisiwa mwaka 1997, wakaondokana na habari ya mwenye ardhi mmoja. Mpenzi wa huko hawi bwana wa ngome. Ni mtu mwenye zamu kwenye kamati, anayejuana na kila jirani, na mgeni akilala kwake usiku mmoja, asubuhi kisiwa kizima kina habari. Wewe uliyekulia Pangani huhitaji kuelezwa hali hiyo inavyombana mtu.

Halafu lile tamko la mapenzi chini ya mianga ya rangi inayocheza angani upande wa kaskazini. Picha ni nzuri, lakini kitabu kinasema ni Juni. Mwishoni mwa Juni, pande za Inverness, jua huzama baada ya saa nne usiku na kuchomoza saa kumi na robo alfajiri, na katikati hapo anga haliwi jeusi. Mianga ile huhitaji giza. Desemba ndiyo yenye giza la kutosha: jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Mwandishi alitaka joto la kiangazi na anga la kipupwe katika usiku mmoja. Angekuwa amechagua Juni na kuishika kwa dhati, angepata mwanga usiokwisha, watu wanaoshindwa kulala, na usubi. Usubi wa huko huuma kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba, hupenda hewa tulivu yenye unyevu asubuhi na jioni, na upepo ukifika kama kilomita 11 kwa saa huwa haruki. Wapendanao wanaotafuta mahali penye upepo ili waweze kukaa na kuzungumza: huo ni mwanzo wa mandhari ambayo hakuna mwingine angeiandika.

Kuhusu kiwanda cha wiski nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi walipoweka kitabu chini. Kijana ana deni, binti anamsaidia kufufua kiwanda cha babu yake, wanatengeneza wiski Machi, wanauza Desemba, deni linalipwa, wanaoana. Haiwezekani. Kinywaji kile hakiruhusiwi kuitwa wiski ya Uskoti mpaka kikae katika mapipa ya mwaloni, yasiyozidi lita 700 kila moja, ndani ya Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3. Kikitiwa chupani hakishuki chini ya asilimia 40 ya kileo. Na wakati wote huo pipa linapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza. Kwa hiyo mwenye kiwanda kipya hukaa miaka mitatu akilipa shayiri, mafuta, mishahara na mapipa bila chupa moja ya wiski ya kuuza. Wengi hutengeneza gin, pombe kali nyingine, ili waishi, kwa kuwa hiyo haihitaji kukomazwa. Angalia hapo mapenzi yalivyolala tayari: watu wawili wanajaza pipa la kwanza pamoja, na hawajui kama watakuwepo wote wawili siku ya kulifungua. Miaka mitatu ya subira yenye tarehe kamili! Mwandishi ameitupa ili apate harusi ya Krismasi.

Wasia nao. Baba amemnyima mwanawe wa kiume kila kitu, hata shilingi moja hakumwachia, kwa sababu ya kumpenda mgeni. Kwa sheria ya Uskoti mtoto hanyimwi hivyo. Katika mali inayohamishika, yaani fedha, hisa, magari, samani, mjane ana theluthi na watoto wana theluthi, na ile iliyobaki ndiyo ya marehemu kuigawa apendavyo. Kama hakuna mjane, watoto wana nusu. Nyumba na ardhi hazimo katika hesabu hiyo. Sisi tuliozoea mirathi ya Kiislamu, ambako wasia hauvuki theluthi, jambo hili tunalielewa haraka kuliko Mwingereza wa London, ambaye kwao mtu ana uhuru mkubwa zaidi wa kuandika wasia. Basi baba mwenye kinyongo angeweza kumnyima kijana nyumba na vilima, akalazimika kumwachia fedha. Kijana ana pesa na hana pa kukaa, na binti ana nyumba na hana pesa. Mgogoro umejipanga wenyewe.

Na tafsiri yake isikupite: wakili anaposema mambo yatapelekwa kwa sheriff, yule si polisi mwenye nyota kifuani kama wa Marekani. Sheriff wa Uskoti ni hakimu.

Sasa lugha. Kijana wa kisiwa cha Lewis anaongea kila sentensi kwa lafudhi nzito ya Glasgow, na akimbembeleza mpenzi wake anaingiza maneno ya Kigaeli, lugha ya asili ya huko, yaliyokosewa. Kigaeli kina umbo maalumu la kumwita mtu. Upendo ni gràdh, lakini ukimwita mpenzi unasema a ghràidh. Hata majina hubadilika: Seumas ukimwita huwa a Sheumais, na kutokana na mwito huo Waingereza walipata jina Hamish. Neno la mapenzi lililokosewa linaumiza kuliko barabara iliyokosewa, kwa sababu linatoka kinywani mwa mpenzi katika saa yake nyeti kuliko zote. Shauri langu kwako: tumia maneno mawili tu ya Kigaeli katika kitabu kizima, uyahakikishe kwa anayekijua, na uyatumie mara chache. Usimfanye kijana wako aongee Kiswahili kilichovunjikavunjika ili aonekane wa shamba. Mpe sentensi fupi, na umakini wa kutosema anachokihisi. Msomaji atausikia ugeni wake.

Unaona mkondo wake. Kwa kuwa vikwazo vyake vilikuwa vya uongo, mwandishi aliviona vinalegea, akalazimika kuziba kwa kile kinachokera wasomaji wa mapenzi kuliko chochote: kutoelewana ambako simu moja ya dakika mbili ingekumaliza. Sura ya 31 binti anamwona kijana akikumbatiana na mwanamke mwingine, anaondoka bila kuuliza, na mwanamke yule ni dada yake. Msomaji wa mapenzi anajua tangu jalada kwamba watapatana. Hanunui mwisho, ananunua sababu ya kuchelewa. Ukimpa sababu ya kitoto anajiona amedharauliwa, na mimi nasema ana haki.

Nije kwenye mswada wako. Sura ya kwanza na ya pili usiziguse, ni nzuri. Sura ya tatu umemrithisha mhusika wako Zuhura shamba dogo la kupanga, wanaloliita krofti, kisha ukamrudisha mjini Glasgow akalisimamie kwa simu. Mpangaji wa krofti anatakiwa aishi ndani ya kilomita 32 kutoka shambani, alilime au alitumie, asiliache likachakaa, na kuna tume ya serikali inayofuatilia. Usiione kama kero, shoga. Hiyo ndiyo riwaya yako. Kazi yake iko Glasgow, shamba linamtaka kule, na kijana hawezi kulihama lake kwa sheria hiyohiyo. Hakuna mwovu, hakuna siri, na bado hawawezi kuwa pamoja bila mmoja kupoteza kitu kikubwa.

Sura ya nne wanaikarabati nyumba ya mawe Januari kwa saruji. Wewe umeona nyumba za Mji Mkongwe zilizopigwa saruji juu ya chokaa zinavyolia maji ukutani. Jiwe la zamani la Uskoti nalo linataka chokaa ili unyevu upate pa kutokea. Ila chokaa mbichi huharibiwa na jalidi, na mafundi hawaipaki joto likiwa chini ya nyuzi 5. Ihamishie kazi hiyo Mei. Januari waache wakinge ndoo chini ya paa linalovuja, inatosha.

Sura ya tano wanatorokea Gretna Green, kile kijiji cha mpakani kilichovuma kwa ndoa za watoro, na kuoana kesho yake. Hiyo ilikuwa enzi ya zamani. Ndoa za kutamkiana tu mbele ya mashahidi zilikoma 1940. Leo kila mmoja hujaza fomu, na ofisi ya msajili inatakiwa kuipata angalau siku 29 kabla ya harusi. Waache wapeleke fomu, halafu wagombane siku ya 12.

Ya sita nimeiandikia pembeni kwa penseli, haina shida ila kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti: kijana hakamui mbuzi amevaa vazi la kitambaa cha sufu kama mita 7, lenye kugharimu mamia ya pauni. Mhifadhie siku ya harusi.

Chora kalenda ya mwaka mzima ya kitabu chako, mwezi kwa mwezi, uandike saa za jua, kondoo wako wapi, feri zikoje, kabla hujagusa sura ya saba. Nitumie hiyo kalenda kwanza, mswada ufuate. Msalimie mama, mwambie achari yake imeisha.

Akupendaye,
Saumu