Hukumu iliyotoka kwetu ikasahau kurudi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu kauli ambayo nimeisikia mara nyingi tangu matokeo ya Kidato cha Sita ya mwaka 2025 yatangazwe: kwamba kijana anayechagua kusomea sheria siku hizi anapoteza muda, kwa kuwa wanasheria wamejaa na wengine wanazunguka mitaani na bahasha za kaki. Mwalimu wangu mmoja, ambaye namheshimu kwa kuwa ndiye aliyenivusha katika tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiingereza, aliniambia hivyo hivyo nilipokwenda kumuaga, akanishauri nikasome uuguzi. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, na kwa kuwa jibu langu linaanzia nyumbani, wasomaji waniwie radhi nikieleza ya nyumbani kwanza.

Mimi ni wa pili kati ya wasichana watatu, nimezaliwa na kukulia kijijini mkoani Kagera. Baba alifariki mwaka 2015, nikiwa darasa la tatu, bila kuacha wosia. Alituachia nyumba ya bati ya vyumba vitatu na kibanja kisichofika eka mbili, chenye migomba, mibuni na sasa kaburi lake. Msomaji asiyekijua kibanja asidhani ni shamba tu. Ndimo tunamoishi, ndimo tunamozika, na ndizi za kila siku hukatwa hatua kumi nyuma ya jiko. Mpaka kati yetu na jirani ni mstari wa milamula, mimea ambayo jina lake kwa Kihaya linatokana na kitendo cha kuamua ugomvi. Matanga hayajaanuliwa, ndugu wa baba walikuwa wamekwisha kuuza kahawa yetu ikiwa bado maua, kwa ule utaratibu tunaouita butura, na msimu uliofuata wakamweleza mama kwamba kibanja ni cha ukoo, na kwamba yeye, kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, achague kurudi kwao au kubaki pale kama mtu aliyehifadhiwa.

Mama alipeleka malalamiko baraza la ardhi la kata. Siku shauri liliposikilizwa, mwaka 2016, nami nilikuwapo, kwa sababu alihitaji mtu wa kumshika mdogo wangu. Alikuja na daftari la shule alilolijaza kwa kalamu ya risasi: mwaka walioezeka nyumba na bei ya kila bati, mibuni mingapi aliipanda yeye na mingapi aliikuta, fedha alizomkabidhi baba baada ya kuuza mbuzi wake. Wajumbe walikuwa sita, watano wakiwa wanaume, na yule mwanamke mmoja aliketi mwisho wa benchi na sikumsikia akiuliza neno. Mzee mmoja akamwambia mama, tena kwa upole, "Mama, kibanja cha ukoo hakiolewi. Mabinti hawa wakiolewa, nacho utakivisha shela?" Watu wakacheka. Hata mama alitabasamu, kwa adabu. Daftari halikufunguliwa. Uamuzi ukasomwa kwa mdomo: kibanja ni cha ukoo, mama aishi katika nyumba na ale ndizi hadi mabinti watakapoolewa.

Sisemi wale wazee walikuwa waovu. Mmoja wao alituletea unga mara mbili wakati wa njaa iliyofuata. Waliamua kwa walichokijua, na walichokijua hakikuwa uzushi mtupu. Serikali yenyewe ilitoa mwaka 1963 tamko la sheria za kimila linalosema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza yeye. Kwa ardhi ya ukoo, tamko hilo linamruhusu binti kuitumia lakini si kuiuza. Wazee wetu hawakuwahi kulisoma tamko hilo, ila walilijua kama mtu anavyoijua njia ya kisimani.

Lakini kuna walichokuwa hawakijui, na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Miaka 26 kabla ya siku ile, Mahakama Kuu mjini Mwanza ilikwisha kusema kwamba mambo hayawezi kubaki hivyo, na iliyasema katika shauri lililotoka mkoa wetu huu huu. Bibi mmoja aitwaye Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, na alipozeeka bila mtu wa kumtunza, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephraim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Muhutwe akidai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda pale, akashindwa Mahakama ya Wilaya, akakata rufaa Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliitupa rufaa yake. Alitumia haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, ambazo zinakataza ubaguzi, akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayouzia mwanamume.

Hukumu ile imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sheria na imenukuliwa hata na mahakama na wasomi wa nje ya nchi yetu. Baada yake, mwaka 1999, Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Yote hayo yalikuwa yamekamilika kabla sijazaliwa. Hukumu ilitoka kwetu, ikapanda hadi Mwanza, ikaenda vyuoni, ikapanda ndege. Ila pale kwenye benchi la kata, mwendo usiofika siku moja kutoka Muhutwe, ilikuwa haijarudi.

Nimeipata vipi mimi? Kwa bahati. Mama msaidizi wa kisheria wa kata jirani, ambaye kazi yake ya kumwingizia chakula ni kushona nguo, ndiye aliyemwambia mama kwamba rufaa kutoka baraza la kata hukatwa ndani ya siku 45. Tulipofika kwake siku hizo zilikuwa zimepita, kwa kuwa nakala ya uamuzi tuliisubiri zaidi ya miezi miwili. Alitueleza pia kwamba mambo ya mirathi yalitakiwa kuanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa kuomba msimamizi wa mirathi, jambo ambalo hakuna aliyetueleza, si kijijini wala katani. Akamsaidia mama kuomba kuongezewa muda katika baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na alipopitia majina ya wajumbe, akauliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: wanawake walikuwa wangapi? Sheria iliyounda mabaraza yale mwaka 2002 ilitaka wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu wao wawe wanawake. Sisi tulikuwa na mmoja.

Kwa kasoro hiyo mwenendo wote wa shauri ulifutwa na pande zote mbili zikaambiwa zianze upya. Kabla ya kuanza upya, wazee wa ukoo waliokwisha kuchoka na nauli waliketi na mama, wakamrudishia kibanja na nyumba, nao wakabaki na kipande cha rweya, yaani mbuga ya nyasi nje ya vibanja, ambacho baba alikuwa akilima karanga. Jirani zetu walimpongeza mama kwa kushinda. Mimi furaha yangu haikukamilika, na hadi leo haijakamilika, kwa sababu alishinda kwa hesabu ya viti. Hakuna mtu yeyote, tangu kata hadi wilaya, aliyetamka kwa sauti kwamba mama alikuwa na haki. Kama wale wanawake watatu wangekuwapo na kunyamaza kama yule mmoja, sijui leo ningekuwa naandikia wapi.

Ndipo nilipotamani kusomea sheria, na tamaa hiyo haijabadilika tangu shule ya msingi, ijapokuwa imebadilika sura. Kwanza nilitaka kuwa hakimu ili niwafunge baba zangu wadogo. (Sasa tunasalimiana vizuri, mmoja wao ndiye aliyenichangia nauli ya kwenda Kidato cha Tano.) Nilipokuwa Kidato cha Tano, mama yule wa msaada wa kisheria alinipa nakala iliyofifia ya hukumu ya mwaka 1990, nikaisoma likizo nzima ya Desemba kwa kamusi, kwa sababu iko kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Hapo ndipo niliposhangaa, kisha nikakasirika, kisha nikajua ninataka kufanya nini.

Nirudi sasa kwa mwalimu wangu na kwa wasomaji wanaosema wanasheria wamejaa. Wamejaa wapi? Nikikaa mjini karibu na jengo la mahakama, bila shaka nitaona vibao vya ofisi za mawakili vikipandiana, na vishoka wanaojiita mawakili wakisubiri wateja chini ya mti. Kijijini kwetu mtu wa karibu zaidi mwenye habari za sheria ni yule fundi cherehani. Na haja haijapungua: tangu marekebisho ya mwaka 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana mjane anapaswa kupanda gari kwenda baraza la wilaya. Naelewa sababu ya mabadiliko hayo, kwa kuwa shauri letu wenyewe ni ushahidi kwamba mabaraza yale yalikosea. Lakini safari imekuwa ndefu zaidi kwa mtu asiye na wa kumwandikia hata karatasi ya kwanza.

Wapo pia wanaonitisha kwa matokeo ya mwaka 2022 ya Shule ya Sheria, ambako wenye shahada hupata mafunzo ya uwakili, wakati wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu moja kwa moja mitihani yao, hata Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Yananitisha kweli, sijidai shujaa. Najua shahada ni miaka, kisha mafunzo ya uwakili, kisha kuapishwa, na kwamba mkopo wa elimu ya juu ni deni nitakaloanza kulilipa kabla sijazoea kuitwa wakili. Hata hivyo, sioni jinsi kufeli kwa wengi kunavyoonyesha kwamba wanasheria wametosha. Mimi naona kunaonyesha kwamba safari ya kutoka darasani hadi mahakamani ina shimo katikati, na sehemu ya shimo hilo, kwa sisi tuliotoka shule za kata, ni lugha.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Nililifurahia jambo hilo kama mtu anavyofurahia barabara kuahidiwa. Lakini hukumu za zamani, ambazo ndizo mawakili huzitegemea wanapojenga hoja, bado ziko kwa Kiingereza, na yule mzee aliyesema kibanja hakiolewi hawezi kuzifikia hata akitaka. Naomba wenye vyuo walifikirie jambo moja jepesi: wanafunzi wa sheria wanapokwenda mafunzo kwa vitendo, baadhi yao wapelekwe ofisi za kata badala ya kurundikana mijini, na kila mmoja akabidhiwe hukumu moja aigeuze kwa Kiswahili na kuisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Gharama yake ni nauli na karatasi.

Mimi sikusubiri chuo. Maombi yangu nimekwisha kuyatuma, na wakati nasubiri majibu nimeanza kuitafsiri hukumu ile kwa mkono, katika kurasa zilizobaki tupu za daftari la mama. Nimekwama katika neno moja lenye asili ya Kilatini, ambalo kamusi yangu haina, linaloeleza ile haki ya binti juu ya ardhi ya ukoo katika tamko la mwaka 1963. Nilimweleza mama maana yake nilivyoielewa, naye bila kuinua macho kutoka kwenye ndizi alizokuwa akimenya akasema, "Hiyo ndiyo waliyonipa mimi. Kula, usiuze." Nimeandika hivyo, kwa penseli. Kama kuna wakili au mwalimu wa sheria miongoni mwa wasomaji wako mwenye neno sahihi zaidi, au mwenye tafsiri iliyokwisha kukamilika, naomba aitume kwako, Mhariri, nawe uichapishe. Mtendaji wa kata yetu amenihakikishia kwamba nafasi ipo kwenye ubao wa matangazo.

Msomaji wako,
Mhitimu wa Kidato cha Sita, Kagera
(Jina limehifadhiwa)