Malalamiko kuhusu miche ya Lewisia niliyouziwa kwa bustani ya mawe

Jambiani,
Kusini Unguja.
12 Februari 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Miche na Bustani,
Dar es Salaam.

KUH: MICHE YA LEWISIA ILIYOOZA NA STIKA ILIYOFUNIKA LEBO YAKE

Assalaam aleikum, na habari za kazi.

Tarehe 9 Novemba 2024 nilinunua kwenu miche 12 ya Lewisia, mmea wa maua, kwa shilingi 35,000 mmoja, pamoja na mifuko 6 ya udongo mlioniambia ndio wake, shilingi 15,000 mfuko. Nikaongeza 40,000 ya usafiri, mzigo ukaja kwa boti mpaka bandari ya Malindi hapa Unguja. Jumla 550,000 na risiti ninayo. Leo miche 10 imeshaoza. Miwili iliyobaki naitazama kama mgonjwa ambaye jamaa zake wameshaanza kupigiana simu.

Nianze na sababu ya kununua, maana kijana wenu kwenye simu alinifanya nionekane mtu wa kukurupuka. Nina nyumba ndogo ya wageni, vyumba vitano. Mwaka jana tulichimba karo jipya, na kwa wanaoijua Jambiani, kuchimba huku ni mtaimbo na sululu. Ukitoa beleshi moja la udongo umetoa karai tano za mawe. Mafundi walipoondoka waliniachia lundo la mawe ya matumbawe refu kuliko mimi. Kuyasomba ni pesa. Nikaona bora niyapange yawe bustani ya mawe mbele ya baraza, maua yachomoze kwenye nyufa. Si jambo la ajabu kwetu. Wazee wetu wamelima maweni miaka yote, unatia mbegu kwenye kishimo chenye udongo wa kujaa kofia, na inaota.

Hapo ndipo nikaona tangazo lenu. Picha ya ua la waridi lenye mistari, limekaa juu ya jiwe utadhani limechorwa. Nikapiga simu na kuuliza swali moja tu: huu mmea unaliweza joto la pwani? Kijana wenu akajibu, "Huo ndio wenyewe. Ni mmea wa miamba, majani manene, unaweka maji ndani. Jua ndiyo chakula chake." Nikamsadiki, kwa sababu jani la Lewisia kweli ni nene na limejipanga duara, ukilishika unafikiri umeshika ndugu yake mshubiri. Kwa hiyo jani lilitudanganya sote wawili, ila mmoja wetu alikuwa amelipwa kwa kujua.

Miche ilifika mizuri, hilo nalikubali. Nikafuata maelekezo yenu neno kwa neno: udongo wa kwenye mifuko nikautia kwenye makopo yenu ya miche, maji asubuhi na jioni, jua la kutwa. Udongo wenyewe ni mweusi, mwepesi, unanyonya maji kama sponji na hauyaachii. Wiki ya tatu majani ya chini yakawa ya njano. Nikapiga simu, nikaambiwa niongeze mbolea. Nikaongeza. Siku ya nne baada ya mbolea niliinama kuondoa jani moja lililokauka, nikalivuta kwa vidole viwili tu, likaja duara zima mkononi, majani yote na shingo yake, kama kizibo cha soda. Chini yake mzizi, ambao unatakiwa uwe mgumu kama karoti, ulikuwa wa kahawia na umelegea kama muhogo uliochemshwa ukasahauliwa jikoni. Harufu sitaieleza. Nilikuwa na wageni wanakunywa chai hatua sita kutoka pale.

Ukafuata wa pili, na wa tatu. Kufika mwisho wa Disemba nilikuwa nimeng'oa saba.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike barua, maana mmea kufa peke yake singewasumbua. Nimeshaua mingi katika maisha yangu. Nilipokuwa naosha makopo, stika yenu iliyo kwenye lebo ya mmea ililowa ikaanza kubanduka pembeni. Stika imeandikwa kwa Kiswahili kizuri tu: MMEA WA MIAMBA. HUPENDA JUA KALI. UNAFAA PWANI. Chini yake ipo lebo ya mwanzo, ya huko mmea ulikotoka, na juu ya lebo hiyo kuna alama ya theluji. Pembeni yake pana tone la maji lililokatwa kwa mstari. Mpwa wangu akanisomea maneno yake: unataka mahali pa ubaridi, na ukingwe usikae majimaji. Nikabandua stika za makopo yote 12. Yote yana alama ya theluji. Basi mtu alikaa akazifunika moja moja, na mtu huyo alikuwa akiona anachokifunika.

Niliuchukua mche mmoja nikampelekea bwana shamba mmoja huko Kizimbani, penye kituo cha kilimo. Akaugeuza, akaniuliza, "Hiki kitu kimetoka wapi?" Nikamwambia Dar. Akacheka. Baadaye nikatafuta mwenyewe nikasoma, na haya yafuatayo naona ninyi ndio mlipaswa kuniambia kabla ya kupokea pesa.

Mmea huu, jina lake kamili Lewisia cotyledon, kwao ni milima ya Siskiyou na Klamath, kusini mwa Oregon na kaskazini mwa California, Marekani. Unakaa kwenye nyufa za majabali, mara nyingi upande usiopigwa sana na jua. Baridi huko ni ya theluji, na kiangazi chake ni kikavu. Jani nene ni akiba ya kiangazi hicho kikavu, wala halimaanishi kwamba mmea unapenda kuchemka. Anayeujua haupandi wima juu ya udongo tambarare. Anaulaza ubavu kwenye ufa wa mawe ili maji yasituame katikati ya majani, na shingo yake anaizungushia changarawe ili isiguse udongo wenye unyevu. Maji unapewa kwa hesabu, tena kwa kutokea chini, na ukishamaliza kutoa maua unapunguziwa zaidi. Hata wazungu wenye baridi yao huuwekea paa la kioo, na paa lile halina kazi ya kuupasha joto. Ni la kuuzuilia mvua. Mimi mliniambia asubuhi na jioni.

Na mawe yenyewe? Matumbawe ni chokaa tupu. Lewisia hii inataka udongo usio na chokaa, wenye uchachu kidogo. Kwa hiyo hata lile jambo moja nililodhani ninalo, mawe, halikuwa linaufaa. Kijana wenu nilimwambia wazi kwamba mawe yangu ni ya matumbawe. Alinijibu, "Jiwe ni jiwe."

Lakini tuseme ningepata mawe mengine, na changarawe, na nisingeumwagilia kupita kiasi. Bado usiku ungeumaliza, na hili bwana shamba alinieleza vizuri. Mchana mmea unajitengenezea chakula, usiku unakila. Usiku ukiwa wa baridi unakula kidogo na akiba inabaki. Usiku ukiwa wa joto unakula mpaka unajila wenyewe. Kaskazi ikishika huku, usiku tunalala milango wazi na bado tunajipepea; vuli hewa imelowa, masika ndiyo usiseme. Kisiwa chenyewe hakina mlima, kule juu Masingini hakufiki hata mita 150 juu ya usawa wa bahari. Hakuna pa kuupandisha mmea huu ukapate baridi. Na ndiyo maana neno UNAFAA PWANI siwezi kulichukua kama kosa la uchapaji.

Nilipowaeleza haya mwezi wa Januari nilipewa majibu matatu na watu watatu. Wa kwanza alisema ni chumvi ya bahari. Sawa, chumvi ipo, lakini makopo yalikuwa nyuma ya ukuta, na asumini yangu iliyo karibu zaidi na bahari inachanua. Wa pili, na huyu naomba mumtafute kwa sababu nataka kumjua, alinishauri kila usiku niweke vipande vya barafu kuzunguka shina. Jirani yangu anauza barafu za ubuyu, nikamuuliza bei kwa mzaha. Akaniambia kwa makopo matano yaliyobaki kila usiku, bora nimuoe. Wa tatu ndiye aliyeniudhi. Alisema mimea ni viumbe hai, kampuni haitoi dhamana kwa kiumbe hai, soma nyuma ya risiti.

Nimesoma nyuma ya risiti. Inasema hamtabeba lawama kwa utunzaji mbaya wa mteja. Utunzaji niliofanya ni ule mlionielekeza, na ujumbe wenu wa maelekezo upo kwenye simu yangu, wa tarehe 11 Novemba, saa nne na robo asubuhi. Mbuzi wa kwenye gunia mnunuzi hulaumiwa kwa kutofungua gunia. Hapa gunia mlilishona ninyi.

Sisemi kwamba mimi sina langu. Miche minne ya mwanzo niliizika chini mno, shingo ikafunikwa, na hilo lingeniponza hata huko Oregon. Hiyo minne siidai. Miwili iliyo hai, niliyoihamishia kwenye mchanga wa kokoto chini ya ukuta wa kaskazini na kuinyima maji, nayo siidai, ingawa masika sidhani itayavuka. Ninayodai ni haya: bei ya miche 6 iliyobaki katika hesabu, shilingi 210,000, bei ya udongo wote, shilingi 90,000, kwa sababu uliuzwa kama dawa na ndio uliokuwa sumu, na nusu ya usafiri, 20,000. Jumla shilingi 320,000. Namba niliyolipia ndiyo hiyohiyo ya kunirudishia.

Pili, stika zitolewe. Kuuza Lewisia si kosa. Lushoto huko kuna baridi, Njombe kuna baridi, huenda yupo mtu atakayeufurahia akielezwa ukweli. Mwambieni wa huko. Wa Jambiani, wa Tanga, wa Mtwara, muuzieni kinachoishi kwake. Nitawapa mfano bila malipo: kwenye lile lundo la mawe nimeshapanda mishubiri na mrehani niliopewa na shoga wa mke wangu kutoka Makunduchi, na hakuna kilichogeuka njano.

Nategemea majibu ndani ya siku 14, yaani kabla ya tarehe 26 Februari 2025, na yawe ya maandishi, kwa kuwa ya simu nimeshayasikia matatu. Siku hizo zikipita kimya nitaipeleka barua hii pamoja na stika zenyewe kwenye tume inayoshughulikia haki za mlaji. Nimezikausha na kuzibandika kwenye karatasi, 11 zimo. Ya 12 naiambatisha hapa, pamoja na lebo iliyokuwa chini yake na nakala ya risiti.

Makopo yenu nimeyaosha, yapo barazani. Dereva wenu akipita njia ya Paje ayachukue.

Wenu,

Mteja, mwenye risiti ya tarehe 9 Novemba 2024,
Jambiani.